Fumbo mbele ya sikio la adui: Mafunzo ya lugha katika tamthilia ya ‘Dalek Empire’

Kila muhula mwanafunzi mmoja au wawili huniuliza kwa nini bunilizi za kisayansi ni haba katika Kiswahili. Jibu ambalo wengi hulitarajia ni kwamba hatuna pesa. Watu wamezoea kuuona utanzu huu kwenye sinema: vyombo vya angani vinavyolipuka, miji inayoporomoka, viumbe wa kutisha waliotengenezwa kwa kompyuta za bei ghali. Ukiziondoa picha hizo, wanadhani hakitasalia kitu.

Sikubaliani nao, na shahidi wangu leo ni kazi isiyo na picha hata moja. Ni tamthilia ya sauti iitwayo Dalek Empire, ambayo kampuni ya Big Finish ya Uingereza ilianza kuitoa katika sidii mnamo 2001. Mwandishi na mwelekezi wake ni Nicholas Briggs. Mfululizo wa kwanza una sehemu nne: Invasion of the Daleks, The Human Factor, Death to the Daleks! na Project Infinity. Msikilizaji hana la kutazama. Ana masikio yake tu, na kwa hivyo kila anachokijua kuhusu sayari zilizovamiwa anakijua kupitia lugha, milio na kimya.

Kwa asiyewajua, Dalek ni viumbe waliobuniwa na Terry Nation, mwandishi mzaliwa wa Cardiff, kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha Doctor Who cha BBC. Walionekana kwa mara ya kwanza Desemba 1963. Kila Dalek ni kiumbe dhaifu aliyejifungia ndani ya gamba la chuma lenye silaha, na itikadi yake ni moja: kila asiye Dalek ni duni na hastahili kuishi. Nation alikuwa mtoto wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na hakuficha kwamba aliwaumba kwa mfano wa Wanazi.

Briggs aliwachukua viumbe hao akawatungia hadithi yao wenyewe. Mwanzoni tuko Vega VI, sayari ambayo wanadamu wamehamia na kuifanya makao. Hapo tunakutana na Susan Mendes, mtaalamu wa miamba, ambaye wenzake humwita Suz. Tunakutana na Alby Brook, mlevi anayempenda Suz, kumbe ni jasusi. Na tunakutana na Kalendorf, shujaa wa jamii ya Velyshaa, mtu wa makamo aliyekuja kuwaonya watu kuhusu hatari inayonyemelea. Onyo lake halifiki kwa wakati. Dalek wanashuka, wanaiteka sayari, na wakazi wake wanageuzwa watumwa wa migodini. Alby anafaulu kutoroka. Suz na Kalendorf wanabaki.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tamthilia hii inahusu lugha kuliko inavyohusu bunduki. Inatuuliza: mtu anayetawaliwa kwa mabavu, ambaye kila neno lake linasikilizwa na bwana wake, anawezaje kusema na wenzake? Swali hilo mswahili analijua vizuri, na jibu lake tunalo tangu zamani. Tunaliita fumbo.

Tuanze na lugha ya mtawala. Sauti ya Dalek ilibuniwa mwaka huo wa 1963. Waigizaji Peter Hawkins na David Graham walisema maneno, na Brian Hodgson wa karakana ya sauti ya BBC akayapitisha katika chombo cha kielektroniki kinachochanganya sauti ya mtu na mlio mwingine, hata ikatoka sauti ya kukwaruza kama bati. Katika Dalek Empire, Briggs mwenyewe ndiye anayetoa sauti hizo. Mwanafonetiki akizisikiliza atagundua haraka kilichofanyika. Kiimbo kimenyooshwa. Kila silabi imekatwa na kutengwa na jirani yake. Kinachopanda ni ukali tu, pale Dalek anapokasirika. Katika mazungumzo ya kawaida kiimbo ndicho hutuambia kama mtu anauliza, anatania, anasihi au anasitasita. Kiumbe asiye na kiimbo hana namna ya kusitasita.

Kisarufi pia Dalek ni wa ajabu. Karibu kila anachosema ni amri, tangazo au swali la kuhoji mateka. Hana “tafadhali”, hana “labda”, hana “naomba”. Neno linalomtambulisha duniani kote ni ile amri ya kuua. Hebu tujaribu kulitafsiri, kwa sababu hapa ndipo Kiswahili kinapotufunulia jambo ambalo Kiingereza kinalificha.

Mtu akitaka mtu mwingine auawe, Kiswahili sanifu kinamdai kiambishi cha yambwa: “Mwangamize!” au “Waangamize!” Ni kanuni ile ile inayotufanya tuseme “nimemwona Juma” wala tusiseme “nimeona Juma”, ilhali tunasema “nimeona kiti” bila wasiwasi. Lugha yetu inamtambua mtu hata ndani ya kitenzi. Hata anayeamuru mauaji analazimika kumtaja marehemu mtarajiwa kwa kile kiambishi kidogo, m au wa. Sasa, Dalek angesema nini kwa Kiswahili? Naona hakika angesema “Angamiza!” basi. Bila kiambishi. Anayekufa hajatajwa, kana kwamba hakuwapo. Mfasiri atakayeandika “Mwangamize!” atakuwa amempa Dalek chembe ya ubinadamu ambayo hana.

Kuna swali jingine la kisarufi ambalo mfasiri hawezi kulikwepa. Dalek tumtie katika ngeli gani? Ni chuma kinachotembea, na ndani yake mna kiumbe hai mwenye akili. Tunalo neno linalofanana na hali hiyo: kifaru. Mnyama akiwa porini tunasema “kifaru amekufa”, lakini gari la vita tunasema “kifaru kimelipuliwa”. Dalek ni vyote viwili. Kuna atakayesema tumtoe katika A-WA ili kumdharau, tuseme “Dalek kinasema”. Mimi nimeamua kumwacha humo humo, “Dalek anasema”, na sababu yangu ni ya kimaadili. Kitu hakina hatia. Gari la vita halishtakiwi mahakamani. Anayeshtakiwa ni aliyelielekeza. Tukimfanya Dalek kitu, tunamsamehe.

Sasa tuje kwa watumwa. Kipo kisa cha msingi katika sehemu ya kwanza ambacho ndicho kinachobeba hadithi nzima. Watu wa Vega VI wanafanyishwa kazi mpaka wanaanguka na kufa. Suz, akiwa amechoka kuogopa, anawakabili Dalek kwa hoja ambayo hata wao wanaielewa: mtumwa aliyekufa hachimbi. Wapeni watu chakula, wapeni mapumziko, wapeni tumaini la kuiona kesho, nanyi mtapata madini zaidi. Dalek wanaipima hoja hiyo kama hesabu, wanaiona ina faida, nao wanaikubali kwa sharti. Suz mwenyewe ndiye atakayezunguka katika sayari zilizotekwa akiwahutubia watumwa, akiwataka watulie, wafanye kazi, waishi.

Watumwa wanampa jina: Malaika wa Rehema. Na kweli watu wengi wanasalimika kwa sababu yake. Lakini kwa kila aliyeokoka, kuna madini yaliyochimbwa, na madini hayo yanaipa nguvu himaya ya Dalek ikavamie sayari nyingine. Hapo ndipo uzito wa tamthilia ulipo. Je, huyu ni mkombozi au ni kibaraka?

Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa swali hilo. Tangu Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, zipo familia za Kati mwa Kenya ambazo hazijamaliza kulijibu. Kulikuwa na waliovaa sare za homugadi mchana na usiku wakawapelekea wapiganaji wa msituni risasi na habari. Kulikuwa na waliovaa sare hizo na kuzitumikia kwa moyo wote. Kwa mtazamaji wa mbali walikuwa kitu kimoja. Kwa kweli hata kwa jirani walikuwa kitu kimoja, maanake anayecheza mchezo huo vizuri hapaswi kutambuliwa na jirani pia.

Tamthilia inalishughulikia swali hilo kwa njia ambayo ni sauti tu inayoiweza. Kalendorf anaandamana na Suz katika safari hizo kama msaidizi wake. Watu wa jamii yake wana kipaji cha kusemezana akilini bila kufungua kinywa. Kwa hiyo msikilizaji anazipata sauti mbili: anaisikia hotuba ambayo Dalek wanaisikia, na anayasikia mawazo ambayo Dalek hawayasikii. Kwenye televisheni mwelekezi angelazimika kutuonyesha nyuso mbili zilizonyamaza, tukabaki kukisia. Kwenye sauti tunaingizwa ndani ya njama. Sisi ndio tunaojua, na kujua huko kunatutia hofu kila Dalek anapokaribia.

Njama yenyewe ni rahisi kueleza. Kila wanakopita, Suz anahutubia hadharani naye Kalendorf anapanda mbegu kwa siri. Ujumbe wa siri unasema: tulieni, msiinuke mmoja mmoja mkafa bure, ngojeni mpaka mtakapomsikia Malaika wa Rehema akiitamka kauli fulani. Kauli hiyo ndiyo jina la sehemu ya tatu, wito wa kuwatakia Dalek mauti. Siku atakapoitamka, sayari zote ziinuke kwa pamoja.

Tazama ufundi wa jambo hilo. Kila hotuba ya utiifu imegeuka kuwa hotuba ya subira. Neno “tulieni” lina maana mbili. Kwa Dalek lina maana ya “msiasi”. Kwa watumwa lina maana ya “bado”. Suz habadilishi hata silabi moja. Kinachobadilika ni nani anayesikia na anajua nini. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Dalek wana akili za kuendesha vyombo vya angani, wana mitambo ya kila aina, lakini mbele ya fumbo ni wajinga, kwa sababu hawajawahi kuishi maisha ambayo yangewafanya walihitaji. Fumbo ni lugha ya aliye chini. Mwenye nguvu hana haja ya kusema kwa kificho, na kwa hiyo hana mazoezi ya kusikiliza kwa makini.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakuwa ameshamkumbuka Fumo Liyongo. Utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mnamo 1913 unasimulia jinsi shujaa huyo wa Pate na Ozi alivyotiwa gerezani na Sultani akisubiri kuuawa. Kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mamake, na walinzi hukipora na kukila. Liyongo anamtuma Saada kwa mashairi, walinzi wakisikia. Mama aoke mkate mzuri na mkate wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa. Walinzi wanasikia maneno ya mashairi lakini hawayaelewi. Chakula kinapoletwa wanaula mkate mzuri, wanaucheka ule wa wishwa, wanampelekea mfungwa. Kisha Liyongo anaomba lichezwe gungu. Watu wanapiga ngoma, matoazi na pembe, naye gizani anaikata minyororo yake, na mlio wa tupa unazama ndani ya kelele za ngoma.

Nathubutu kusema kwamba tukio hilo ni tamthilia ya sauti kamili. Ukilitoa kwenye maandishi na kuliweka kwenye redio leo, hulazimiki kuongeza chochote: sauti ya mfungwa anayeimba, vicheko vya walinzi, ngoma, na chini yake, kwa mbali, chuma kikikwaruza chuma. Yeye Liyongo na Suz Mendes wametenganishwa na nyota, lakini mbinu yao ni ile ile. Wote wawili wanasema mbele ya sikio la adui na kuitumia dharau ya adui kama pazia.

Tofauti yao nayo ni ya kuzingatia. Fumbo la Liyongo lilikuwa la mtu mmoja kwa mama mmoja, na lilikusudiwa kumwokoa mmoja. La Suz ni la umma. Fumbo la umma ni mnyama mwingine kabisa, kwa sababu likishatoka kinywani halimilikiwi tena na aliyelitoa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Ebrahim Hussein na tamthilia yake ya Kinjeketile iliyochapishwa mwaka wa 1969. Msingi wake wa kihistoria ni Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani kusini mwa Tanzania ya leo, kati ya 1905 na 1907. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji na tumaini, na kabla ya vita kuanza habari zake zilisambazwa kwa minong'ono kutoka kijiji hadi kijiji, mbele ya maakida na askari wa Mjerumani. Watu ambao hawakuwa wamoja wakawa wamoja kwa neno moja. Hussein anatuonyesha kiongozi ambaye mwisho wake anaiona hatari ya alichokizaa: neno limekuwa kubwa kuliko yeye, halimsikilizi tena, na watu watakwenda kufa kwa ajili yake hata akilikana.

Susan Mendes anafika mahali hapo hapo. Anapoitamka ile kauli, sayari nyingi zinaripuka kwa uasi, na yeye mwenyewe analipa gharama kubwa. Watu wasiomjua wanajitupa mbele ya silaha za Dalek kwa kuwa Malaika wa Rehema amesema. Wengi wanakufa. Tamthilia haitufichi vilio vyao, na kwa kuwa ni sauti tu, hatuwezi kufumba macho. Msikilizaji anaachwa na maswali yanayouma. Je, alikuwa na haki ya kuwaambia wangoje, huku wenzao wakifa migodini? Je, alikuwa na haki ya kuwaambia wainuke? Na kama asingesema neno lolote, je, kimya chake kingekuwa safi zaidi?

Kiswahili kinatupa njia ya kumtazama mwanamke huyu. Neno mtumwa limetokana na kitenzi tuma katika hali ya kutendwa: ni yule anayetumwa. Neno mtume limetokana na mzizi huo huo: naye pia ni aliyetumwa. Kinachowatenganisha ni nani amewatuma na kwa ujumbe gani. Dalek walidhani wametuma mtumwa. Waliomsikia walimpokea kama mtume. Safari ilikuwa moja na maneno yalikuwa yale yale.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani ninaisifu kazi hii bila kuihoji. Lipo neno moja linalonikwaza kila ninapojaribu kuisimulia kwa Kiswahili, nalo ni koloni. Vega VI katika Kiingereza ni koloni, na kwa msikilizaji wa Kiingereza neno hilo halina doa: ni kijiji kipya cha watu wetu walioenda mbali kutafuta maisha. Asili yake ya Kilatini inahusiana na kulima na kukaa. Lakini Kiswahili hakikulipokea neno hilo kutoka kwa wakulima wa Roma. Sisi tulilipokea kutoka kwa serikali. Nchi hii ilitangazwa kuwa Koloni la Kenya mwaka wa 1920, baada ya miaka 25 ya kuitwa himaya ya ulinzi ya Mwingereza. Mkoloni kwetu ni yule aliyekuja kutawala. Sasa ukimwambia Mkenya kwamba wakoloni wa Vega VI wamevamiwa, atakuuliza kwa haki kabisa: “Na kabla yao alikuwapo nani?”

Tamthilia haina jibu la swali hilo, kwa kuwa haikuliuliza. Ni swali ambalo bunilizi ya Uingereza ilianza nalo. H. G. Wells alipotoa The War of the Worlds mwaka wa 1898, aliwakumbusha wasomaji wake mapema kabisa kwamba kabla ya kuwalaani viumbe wa Mirihi wafikirie walichotendewa watu wa Tasmania na walowezi wa Ulaya. Alitaka Mwingereza ajione upande wa pili wa bunduki. Waliokuja baadaye walihifadhi hofu ya kuvamiwa, ila wengi waliliacha kando lile swali. Doctor Who yenyewe ilionyesha Dalek wakitamba katika mitaa ya London mwaka wa 1964, miaka michache tu tangu Uingereza ianze kuziachia koloni zake za Afrika. Picha ilikuwa ya London ambayo Hitler hakuwahi kuiteka. Nairobi haikuwa katika fikira hizo.

Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili ana kazi. Anaweza kusema “makazi mapya ya Vega VI” akapita salama. Anaweza kusema “walowezi” akaamsha kumbukumbu. Mimi ningeiacha koloni palepale ilipo, nikamwachia msikilizaji wa Kisumu au Lamu aisikie kwa sikio lake. Kutafsiri vizuri wakati mwingine ni kuliruhusu neno limkwaze mtu.

Nikiri kwa haki kwamba Briggs analikaribia suala hili kwa mlango wa nyuma. Katika Project Infinity tunagundua kwamba Dalek wanatafuta njia ya kufikia ulimwengu mwingine, ulimwengu ambamo Dalek wenzao walikwisha kushinda kila vita, ili wapate siri ya ushindi huo. Wanaojitokeza kutoka huko wanawashangaza wote: ni Dalek wasemao lugha ya amani, wanaochukizwa na ukatili wa wenzao, wanaojitolea kuwasaidia wanadamu. Mfululizo wa pili, Dalek War, ulioanza kutolewa mwaka wa 2003, unaonyesha gharama ya msaada huo. Wakombozi hawa wapya hawavumilii kupingwa. Amani yao ni ya utiifu. Kalendorf, baada ya kupigana miaka mingi bega kwa bega nao, anatambua kwamba amebadilisha bwana tu, na kwamba bwana mwenye maneno matamu ni vigumu zaidi kumwasi.

Nani kati yetu hajaisikia hadithi hiyo? Fasihi ya Kiswahili imeiandika tangu bendera zilipobadilishwa, na wasomi wakaipa jina la ukoloni mamboleo. Lakini angalia tena upande wa lugha. Dalek wa kwanza ni rahisi kuwatambua kwa sababu ya kiimbo chao kilichonyooka na amri zao. Hawa wa pili wana msamiati wa kheri. Fumbo halifui dafu kwao, kwa kuwa wao pia wanasema jambo moja wakimaanisha jingine. Mtumwa amekutana na bwana anayejua mafumbo. Naona huo ndio ufahamu mkubwa zaidi katika kazi yote, na ungeweza kumpa mwanafunzi wa uzamili tasnifu nzima.

Nimalizie na waandishi wetu. Katama Mkangi alipoiandika Walenisi mwaka wa 1995, alimrusha mhusika wake Dzombo kwa chombo cha angani hadi nchi ya mbali, na jina la nchi hiyo likawa fumbo lenyewe: wale ni sisi. Kwa hiyo hatuanzi kutoka sufuri. Tunachokosa ni watu wa kuyapeleka mawazo ya aina hiyo kwenye sauti. Redio ndiyo imekuwa jukwaa kuu la Kiswahili nchini kwa miongo mingi, na siku hizi kijana mwenye simu nzuri, chumba chenye mapazia mazito na marafiki wanne wenye vipaji anaweza kurekodi tamthilia na kuisambaza hadi Bujumbura na Muscat. Waliotengeneza Dalek Empire walikuwa na zaidi ya hivyo, bila shaka, wakiwemo waigizaji wazoefu. Kalendorf ni Gareth Thomas, aliyejulikana Uingereza kwa kumwigiza kiongozi wa waasi katika Blake's 7 kuanzia 1978, na David Tennant alishiriki katika mfululizo wa tatu wa 2004 kabla hajawa nyota wa Doctor Who yenyewe. Lakini zana yao kuu ilikuwa sauti ya binadamu, nayo haitozwi ushuru bandarini.

Ningemshauri kijana huyo asianze kwa kunakili vyombo vya angani vya wenzetu. Aanze na vitu ambavyo Kiswahili kinamkabidhi bure: ngeli zinazoamua nani ni mtu na nani ni kitu, kiambishi kimoja kinachomtofautisha muuaji na mashine, mizizi ya maneno inayowaweka mtumwa na mtume nyumba moja, na hazina ya mafumbo ambayo mama zetu bado wanayavaa kwenye leso sokoni, mbele ya wale wale wanaowasema. Kisha amuulize mhusika wake swali gumu ambalo Suz aliulizwa: ukipewa kipaza sauti na adui yako, utasema nini, na nani atakuelewa?